Lenzi Iliyotekwa Msibani

Ruhuwiko, Songea
8 Aprili 2024

Kwa Ndugu Bakili Chilumba,
Nakapanya, Tunduru.

YAH: KUREJESHA LENZI YA MAREHEMU KAJETANI NGONYANI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Tarehe 17 Februari mwaka huu, siku tuliyomzika baba yangu, uliingia chumbani kwake, ukafungua kabati na kuchukua lenzi inayofungwa mbele ya projekta yake ya filamu. Ukaitia mfukoni mwa kanzu ukaondoka nayo. Nilikuona kwa macho yangu. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba.

Bila lenzi hiyo, filamu aliyoipiga baba mwaka 1988, siku ya kipaimara cha marehemu dada yangu Hilda, haitazamiki. Picha inatoka ukutani ikiwa imebanwa, watu wote wanakuwa warefu na wembamba kama mianzi.

Tarehe 30 Aprili wataalamu wa makumbusho watafika nyumbani kuiorodhesha projekta pamoja na vifaa vyake vyote. Kwa hiyo unapewa siku kumi na nne. Ifunge kwa kitambaa laini, iweke kwenye boksi, mkabidhi kondakta wa basi la Songea. Ukishindwa, suala hili litafika polisi.

Usinipigie simu, namba yako nimeifungia. Nataka kila kitu kiwe kwa maandishi.

Leonce K. Ngonyani
Mwalimu wa Fizikia

Nakala: Mwenyekiti wa Kitongoji, Nakapanya



Nakapanya
16 Aprili 2024

Leonce mtoto wa Kajetani,

Assalaam alaykum. Naanza mimi kusalimia kwa kuwa wewe salamu zimekuishia. Mtu niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua, leo nimekuwa "Ndugu Bakili" mwenye "Yah" juu ya kichwa. Haya, elimu ni bahari, na wengine huzama.

Sasa sikiliza, maana ulikuwepo na hukuona. Lenzi sikuichukua kimyakimya. Niliitoa chumbani nikainyanyua juu uani, mbele ya watu wote, nikasema kwamba Mngoni amekufa, jicho lake nimeliteka, mwenye kulitaka aje alikomboe. Wazee wa kwenu wakacheka. Mama yako Kunegunda akacheka, na alikuwa hajagusa chakula siku tatu. Mimi ni Myao, ninyi ni Wangoni, sisi ni watani, na kitu anachokiteka mtani msibani hukombolewa. Kuku mmoja na maneno mawili matatu ya kutukanana, basi, tunakula, mtu anarudi na kitu chake. Babu zako waliingia huku wakiteka watu na mali zao. Leo ninyi mkitekewa kioo mnakimbilia polisi.

Nilingoja arobaini. Ikapita. Nikasema labda wana shughuli nyingi. Badala ya kuku ikaja barua, na nakala yake kwa mwenyekiti, ambaye aliisoma kwenye mkutano wa kugawa salfa ya mikorosho, watu zaidi ya mia wakisikiliza. Nina miaka sabini na mmoja. Sasa nikiingia msikitini nawaona watu wanageuka kuangalia walikoacha ndala zao. Hilo umenifanyia wewe.

Na hao wa makumbusho, makumbusho yao yanaitwaje? Mbona hayana jina?

Lenzi ipo, nimeifunga kwenye kilemba changu. Haipandi basi peke yake. Utakuja mwenyewe na kuku wako, na mbele ya majirani zangu hao hao utasema kwamba Bakili si mwizi.

Bakili Chilumba



Ruhuwiko, Songea
2 Mei 2024

Mzee Bakili,

Nimepokea maelezo yako. Mimi simtambui mtu anayejificha nyuma ya utani ili achukue vitu vya marehemu. Mila ni nzuri kwa wasio na mambo ya kufanya. Nina madarasa manne na wanafunzi wa mtihani, sina wiki ya kusafiri Nakapanya kwenda kutukanwa juu ya kuku.

Isitoshe, lenzi yako hatuihitaji tena. Nimeagiza nyingine Dar es Salaam, kwa muuzaji wa vifaa vya sinema za nyumbani. Ni mpya, kioo safi, haina mikwaruzo kama hiyo yenu ya zamani. Inatanua picha kwa upana theluthi moja zaidi, kwa hiyo ukuta wote unajaa. Fundi wa kuchomelea hapa Lizaboni ananitengenezea kishikio chake. Mambo haya ni ya elimu ya mwanga, ninayafundisha kila mwaka kidato cha tatu.

Kaa na hiyo yako. Ichimbie shimo ukipenda.

Leonce



Nakapanya
10 Mei 2024

Mwalimu wa Mwanga,

Nimecheka mpaka Biasha, binti yangu, akatoka jikoni kuuliza nani kafa.

Theluthi moja. Umenunua lenzi ya watu wa kuangalia mpira. Hizo zimetengenezwa kwa projekta za siku hizi, kutanua picha kidogo tu ijaze ukuta. Yetu inatanua mara mbili kamili, kwa sababu ndiyo ile ile iliyofungwa mbele ya kamera ya padre aliyoazima baba yako siku ile ya kipaimara. Ilipokuwa kwenye kamera ilibana mara mbili, ikiwa kwenye projekta inafungua mara mbili. Mimi na baba yako tulizunguka na gari la sinema miaka kumi na tisa, kutoka Mbamba Bay mpaka Masuguru, na hilo ndilo jambo la kwanza tulilofundishwa: lenzi haichaguliwi kwa upya wala uzuri, inachaguliwa kwa kuuliza picha ilibanwa kiasi gani. Wewe uliuliza bei.

Jipime mwenyewe. Kwenye filamu, nyuma ya Hilda, kuna ungo umetundikwa ukutani. Ungo ni duara. Ukiona umekuwa yai lililosimama, bado hujafungua. Na usijaribu ujanja wa kuilaza lenzi kwa ubavu, maana itatanua kwenda juu na watu watazidi kukonda. Ikipinda kidogo tu, wote wanaegemea upande mmoja kama wametoka kilabuni. Iweke mbele ya lenzi ya projekta, ziachane unene wa kidole. Ukiiweka mbali zaidi, pembe za picha zinaingia giza.

Nimekufundisha bure. Hata hivyo kwa theluthi yako hiyo Hilda ataendelea kukonda, na utakoma.

Bakili



Ruhuwiko, Songea
21 Mei 2024

Mzee Bakili,

Umesema Hilda ataendelea kukonda. Sijui kama ulijua unachokisema. Nitakueleza, si kwa kukuomba, bali ujue unachokifanya.

Hakuna watu wa makumbusho. Nilitunga. Nilidhani ukisikia serikali utaogopa.

Ukweli ni huu. Kisukari kimekula macho ya mama. La kulia limekwisha tangu Desemba. La kushoto linaona vitu vikubwa tu, vyenye mwanga mkali, na daktari amesema halitafika mbali. Mwezi wa tatu aliniambia anataka kumwona Hilda kabla hajawa kipofu. Tukaziba madirisha kwa mablanketi saa nane mchana, nikawasha projekta bila lenzi, kwa kuwa unayo wewe. Nilijua picha itakuwa imebanwa, nikadhani si kitu, mradi anamwona mwanawe.

Hilda akatokea ukutani. Uso umefinywa, shingo ndefu, mikono kama vijiti. Mama akasogea mpaka karibu na ukuta. Kisha akapiga ukelele akaniambia nizime, kwamba huyu si Hilda wa kipaimara, huyu ni Hilda wa kitandani. Unamkumbuka alivyokuwa ile miezi minane kifua kilipomlaza. Ndivyo alivyotoka ukutani, akiwa na gauni lake jeupe, anacheza, na uso wa maiti. Mama hakula siku hiyo.

Hiyo lenzi ya theluthi niliifunga Jumamosi. Ungo ni yai, kama ulivyosema. Hilda ni mgonjwa aliyepata nafuu kidogo. Sikumwita mama aone. Mke wangu Careen alijaribu kuirekodi picha kwa simu na kuivuta iwe pana, mama hakuona chochote kwenye kile kioo kidogo.

Kwa hiyo hicho ndicho unachokishikilia kwenye kilemba chako. Jicho la mwisho la mama yangu litafunga likiwa na Hilda wa kitandani.

Na kwa kuwa tunaandikiana ukweli, nikuambie na sababu ya kutokuja. Tulipomzika Hilda mwaka tisini na nne nilikuwa na miaka kumi na mitano. Wewe ulivaa khanga yake. Ukashika fimbo, ukatembea uani kama alivyokuwa akitembea siku za mwisho, ukakohoa kama alivyokohoa. Watu wakacheka. Mkasema ni utani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mkono kumpeleka chooni, kikohozi kile nilikijua. Nimekuchukia tangu siku hiyo na sijaacha. Siwezi kuja kwako kucheka.

Itume kwa basi.

Leonce



Nakapanya
1 Juni 2024

Leonce,

Mara makumbusho, mara macho. Barua ya nne ije na nini, tetemeko?

Njia ya mwongo ni fupi, na wewe yako umeichora mwenyewe: umekiri ulinidanganya, halafu hapo hapo unataka nikuamini. Kunegunda nilimwona Februari, alinitambua tangu nikiwa getini, akanitukana kwa jina. Mtu mwenye jicho moja hafanyi hivyo. Na Kajetani alinipigia Januari, hakusema kitu. Kila anayetaka kitu siku hizi ana mama mgonjwa.

La Hilda sitakujibu. Hulijui.

Nina mikorosho ya kupulizia, salfa hainingoji. Kama mama yako anaitaka lenzi, Mungu hajamnyima mdomo. Aseme yeye. Wewe neno lako kwangu limekwisha thamani, kama langu lilivyokwisha hapa kijijini kwa mkono wako.

Bakili



Ruhuwiko
12 Juni 2024

Mtani Bakili,

Hii anaandika Careen, mkwe wangu, maneno ni yangu mimi Kunegunda. Amenisomea barua zenu zote. Leonce kaziacha mezani kaenda semina Mbinga wiki nzima.

Wewe mzee una akili au ulizipulizia salfa? Nilikutambua getini kwa sauti. Myao hafiki mahali bila kelele. Kajetani hakukuambia kwa sababu nilimkataza, sikutaka kuonewa huruma na watu wanaosahau njaa wakisikia ngoma. Macho yamekwisha kweli. La kulia ni giza. La kushoto asubuhi linaniambia kuna dirisha, jioni linasahau.

Utani una mipaka yake, mtani. Kutekwa kitu nacheka, kungoja ukombozi nakubali, mwanangu amekosa kuleta kuku na amekosa zaidi kukuita mwizi. Nilimwambia mapema kwamba vitu vya utani havidaiwi kwa karatasi. Hakunisikia, amesoma. Lakini na wewe umeambiwa mama wa Hilda anapofuka, ukajibu habari za mikorosho. Hata kama ni uongo ungepanda basi uje unitukane kwanza, kisha uhakikishe. Umri umekufanya bahili wa miguu.

Nakuja mwenyewe Jumamosi. Careen atabeba mashine. Kuku ninaye, jogoo, anafanana na wewe kwa ubishi. Paka chokaa ukuta wa sebuleni kwako na utafute blanketi za kuziba mwanga. Umeme usipokuwepo utawaza mwenyewe.

Leonce hajui. Akirudi akikuta nyumba tupu atajifunza kutafuta.

Kunegunda



Nakapanya
18 Juni 2024

Leonce,

Acha kuwapigia simu madereva wa mabasi. Mama yako yuko kwangu, mkeo yuko kwangu, mashine iko kwangu. Wamelala kwa Biasha, wanakula vizuri. Hawakupotea, wamekuchoka.

Walifika Jumamosi adhuhuri. Nilikwenda stendi kuwapokea. Kunegunda aliposhuka nilisimama mbele yake hatua mbili, nikanyamaza makusudi, nione. Akanipita. Akamshika mkono mwanamke mwingine anayeuza karanga akidhani ni Careen. Nilisimama pale pale mpaka kondakta akaniuliza kama naumwa. Nilikuita mwongo kwa jambo la kweli, na hilo nimelikosea, naandika kwa mkono wangu. Usilifurahie sana.

Jumapili baada ya swala ya adhuhuri tulifunga madirisha. Kile kishikio chako cha Lizaboni ni kibovu, mdomo wake mpana, lenzi inacheza ndani. Nilizungushia utepe wa mpira wa baiskeli mpaka ikakaza. Nikaipeleka mbele, unene wa kidole. Nikapima hatua toka mashine mpaka ukutani, nikaweka namba ya umbali huo kwenye duara la lenzi, nikawasha. Wote wakawa wameegemea. Nikaizungusha polepole, Careen akiangalia mlango wa kanisa kwenye picha, mpaka mlango ukasimama wima. Ungo ukawa ungo.

Mama yako tulimkalisha kwenye kigoda, hatua moja kutoka ukutani. Hilda akageuka. Unajua pale anapogeuka akicheka, anashika shada la kichwani lisianguke. Ukutani kwangu uso wake ulikuwa mpana kama sinia. Mama yako alinyoosha mkono akaupapasa ukuta, chokaa yote ikabaki vidoleni. Akaniambia nirudishe. Nimerudisha mara saba. Filamu ni ya dakika nne.

Baadaye aliniambia niseme kwako hili, kwa kuwa yeye hataki kulisema. Ile siku ya mwaka tisini na nne nilivaa khanga ya Hilda kwa sababu Kunegunda alinipa. Alikuwa amekaa na maiti siku mbili bila chozi, bila chakula, wanawake wakaogopa. Akaniita akanipa khanga, akasema, "Mtani, nifanyie nimwone akitembea tena, hata vibaya." Nilifanya. Alicheka, akalia, usiku akanywa uji. Mtani kazi yake ni hiyo, hata kama inamuuma. Wewe nilikuona pembeni ya ghala. Niliona ulivyoniangalia. Nilisema utakua utaelewa. Umekua.

Lenzi imekombolewa, jogoo tumemla. Itarudi na mama yako Alhamisi. Sina chako. Ila neno uliloliweka kwa mwenyekiti bado liko kwa mwenyekiti, na kulitoa si kazi ya mjane.

Bakili



Ruhuwiko, Songea
21 Julai 2024

Mzee Bakili,

Barua ya kukusafisha kwa mwenyekiti nimeipeleka mwenyewe tarehe 6. Nilifika Nakapanya asubuhi, nikangoja mkutano wa wakulima, nikaisoma mimi, kwa sauti, kwamba lenzi haikuibwa, ilitekwa na mtani kwa haki yake, na aliyekosea ni mimi. Uliniona, ulikuwa umekaa nyuma chini ya bati. Sikuja kukusalimia. Nilipanda basi lile lile kurudi. Nimefanya lililonipasa na sikutaka kukupa nafasi ya kunikaribisha.

Uliyoyaandika kuhusu khanga nimemuuliza mama. Amesema ni kweli. Nimemkasirikia kuliko nilivyokukasirikia wewe, kwa kuwa aliniacha miaka thelathini nikiamini nilivyoamini. Akasema hakujua kwamba nilikuwa nikiangalia. Kwa hiyo usidhani yamekwisha. Ninajua sasa kwamba hukukosea, lakini nikiisikia sauti yako bado nasikia kile kikohozi, na kujua hakujanisaidia kitu.

Jicho la mama lilifunga Jumanne. Alipoamka aliniuliza kwa nini sijafungua dirisha, na dirisha lilikuwa wazi.

Leo mchana aliniambia niweke filamu. Nikamwambia haina faida. Akasema siyo kwa ajili yake. Nikaifunga lenzi kama ulivyoeleza, nikaizungusha mpaka mlango wa kanisa ukasimama, nikaziba madirisha, ingawa yeye hayakumhusu. Alikaa kwenye kiti nyuma yangu. Nilikuwa sijaitazama na lenzi hiyo tangu baba alipokuwa akituonyesha nikiwa mdogo. Baada ya Hilda kufa, kila baba alipoitoa mashine mimi nilitoka nje.

Mama alikuwa akihesabu kwa kusikiliza mashine. Akaniuliza, "Ameshageuka?"

Alikuwa amegeuka. Kwa miaka thelathini nilikuwa na dada mmoja tu kichwani, yule niliyemshika mkono kwenda chooni, na nilipigania lenzi hii nikidhani ni mama tu anayehitaji kuondolewa picha ya huyo. Mama akauliza tena. Nikamwambia ndiyo, amegeuka, anacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba Hilda alikuwa na mashavu.

Leonce